Anza na Unachokiona

Radat, njia ya Marigat
6 Mei 2024

Mama,

Naona pikapu ya jirani yangu Kahiga imefunguliwa boneti kando ya lami, rejeta inatoa mvuke, na fundi amelala chini yake, miguu tu ndiyo iko nje. Nafuata sheria yako. Ulitukataza kuanza barua na salamu za kunakili. Ulisema tuanze na kilicho mbele ya macho, kama Baba alivyokuwa akikuandikia kutoka kambi za barabara. Basi hiki ndicho kilicho mbele yangu. Salamu zinafuata, nyingi.

Fundi aliniambia nitafute kivuli, yeye ana kazi. Nikapanda kilima kilicho karibu. Mama, sijui nikuelezeje. Mimi sasa ni mtu wa Kuresoi, nimezoea ukungu, na asubuhi nyingi siuoni hata mwisho wa shamba langu la viazi. Pale juu bonde lilifunguka lote kwa mara moja. Upande mmoja milima ya Tugen, upande wa pili mteremko wa Laikipia, na katikati ardhi nyekundu inashuka, inashuka, mpaka mahali ambapo kitu kinang'aa. Nikajua ni ziwa letu, Baringo. Hapakuwa na upepo. Hata kengele za mbuzi zilinyamaza.

Tangu Molo nilikuwa nimebeba hasira, ile unayoijua, ya mimi na Cheruto. Nilikuwa nimebeba na hofu juu yako. Pale kilimani nikazitafuta zote mbili ndani yangu nisizipate. Sikuomba wala sikufikiri, nilisimama tu. Nilijiona mdogo sana, na udogo huo haukuniuma. Fundi alipopiga honi nilishtuka, sikujua nimesimama kwa muda gani.

Naenda kumtoa Baba kaburini. Nitamleta Kuresoi mlale pamoja, kama ulivyoomba.

Mwanao,
Kimeli

Cheruto, karatasi hii ya pili ni yako, usimsomee. Najua umenuna kwa sababu nilipita Nakuru bila kugonga mlango. Ningemwona Mama nisingeweza kuondoka, na Baba Mdogo Kibii anasema ziwa linapanda, kaburi la Baba liko karibu kuguswa. Daktari alisema nini? Nataka ukweli. Kwenye simu mimi na wewe hugombana kabla ya kusalimiana, basi tufanye alivyoamua Mama, tuandikiane. Barua hii naipa lori la matikiti linalokuja huko. Majibu mpe Cate, yule mwuza samaki wa sokoni. Yeye huenda Kampi ya Samaki kila mara. K.


Bondeni, Nakuru
8 Mei 2024

Kimeli,

Naona ukuta. Ni ukuta ule ule, rangi inabambuka, na chini yake cherehani yangu imefunikwa kwa sababu siwezi kushona sare za wanafunzi huku Mama anaugua. Haya, nimefuata sheria.

Ulitumwa kumleta Baba. Hukutumwa kupanda vilima. Wewe tangu utotoni ni mtu wa kusimama kuangalia mawingu huku ng'ombe wanaingia kwenye mahindi ya watu, na aliyechapwa ni mimi kwa kuwa ndiye mkubwa. Sasa una mvi na bado unaangalia mawingu.

Unataka ukweli wa daktari. Alisema ini limechoka, twende naye nyumbani, tumpe anachopenda. Hakutaja siku na mimi sikumuuliza.

Kuna jingine, na linaniuma kukuambia. Maumivu yalikuwa yamemnyima usingizi, anageuka tu na kukunja shuka. Nikamsomea barua yako ili angalau asikie jina lako. Nilipofika pale uliposimama kilimani akanishika mkono. "Rudia hapo." Nikarudia. "Rudia tena, lakini pole pole. Wewe husoma kama mtu anafukuzwa." Nikarudia mpaka akalala, usingizi wa kweli, mdomo wazi. Dawa za hospitali hazijawahi kumlaza hivyo.

Kwa hiyo andika. Andika vilima vyako vyote. Lakini umtoe Baba, Kimeli. Kila anapoamka anauliza kitu kimoja, "Ameshatolewa?" Anaogopa kulala peke yake huko chini. Ameniambia kwa maneno hayo hayo, yeye ambaye hajawahi kukiri kuogopa hata mbwa. Na mimi pia nina haja yangu. Nataka kaburi ninaloweza kulifikia, nipalilie, niketi, niongee naye. Nimemtunza Mama miaka hii yote na hicho tu ndicho ninachoomba.

Cheruto


Kampi ya Samaki
11 Mei 2024

Cheruto,

Leo nakuandikia wewe peke yako. Ya Mama nimejaribu nikashindwa.

Naona paa. Ni paa la mabati la ile nyumba iliyokuwa ya jirani yetu, na maji yamefika juu ya madirisha. Mbele yake kuna nguzo za ua wa ng'ombe, vichwa tu. Mbele zaidi naona matawi ya juu ya mgunga, ule tulioupanda kichwani pa Baba.

Kaburi liko chini ya maji. Si kwamba limeguswa. Limefunikwa, na watu wanapita juu yake kwa boti.

Baba Mdogo alijua na akanificha. Nilimpigia kelele ufukweni mbele za watu mpaka nikaona aibu. Akaniangalia tu. "Na ningekuambia, ungekuja?" Unamkumbuka mzee huyu, anatia sukari kwenye chai kama anayeficha kitu, na hakuna binadamu anayeweza kumharakisha.

Yule afisa wa afya aliyekuja kusimamia kufukua alitazama kibali chetu, akatazama ziwa, akanirudishia kibali kwa mikono miwili na kuondoka. Nilisema tutafute wapiga mbizi. Baba Mdogo alicheka mpaka chai ikammwagikia, halafu akanionyesha mamba wawili wameota jua pale kulikokuwa na lango letu.

Niambie, Cheruto. Wewe ndiye uko naye. Mama tumwambie nini?

Kimeli


Bondeni
13 Mei 2024

Kimeli,

Sitaanza na ninachokiona, kwa sababu ninachokiona ni Mama, na jana hakula.

Usimwambie. Fanya nitakavyokuelekeza. Nenda Marigat kwa seremala, akutengenezee sanduku, lile fupi ambalo watu huhamishia mifupa. Litie udongo na mawe yenye uzito unaofaa. Lipigwe misumari, lifunikwe shuka jeupe, ulilete hapa Bondeni. Mama ataligusa. Macho yake yameingia ukungu, hataona zaidi ya weupe. Atajua Baba amekuja na ataenda bila woga. Kisha tutalizika Kuresoi kando yake, tukijua mimi na wewe tu, na Baba Mdogo kama anaweza kufunga mdomo.

Usiniandikie habari za dhambi. Dhambi ni kumwacha mama mzazi afe akitetemeka wakati dawa yake ni sanduku la mbao. Hizo nyingine nitazijibu mwenyewe.

Na umwandikie barua. Sema umemtoa. Iwe nzuri, itie milima na ndege, unajua atakavyopenda. Fanya haraka.

Cheruto


Kampi ya Samaki
16 Mei 2024

Cheruto,

Sanduku limetengenezwa. Seremala alinitazama akaniuliza, "Pole boss. Ni ya mtoto?" Nikasema ndiyo, kwa kuwa ningesema nini. Nikalileta, nikamwomba Baba Mdogo anipeleke na boti hadi kwenye mgunga. Niliwaza kwamba kama ni lazima tudanganye, basi angalau nichote tope la pale pale, karibu naye.

Yaliyonipata huko nimemwandikia Mama. Sanduku limerudi tupu. Liko jikoni kwa Baba Mdogo na kuku ameshataga ndani. Sitamletea Mama udongo wa uongo, wala usinipigie simu kunitukana, nimeshajitukana vya kutosha. Msomee karatasi yake yote. Tafadhali usiruke neno.

Kimeli

Mama,

Naona mgunga wa Baba. Naandika nimekaa juu ya mawe ufukweni, na mti uko mbele yangu, ndani ya ziwa. Maji yamemfunika Baba, Mama. Nilichelewa. Sikuweza kumtoa na hakuna mtu atakayeweza. Nisamehe.

Asubuhi Baba Mdogo alinipeleka kwa boti. Nilishika ukingo wa boti njia nzima. Viboko walikuwa wanapumua karibu nasi, unasikia pumzi kabla hujaona masikio, na mzee ananiambia, "Wewe kaa tu, hawa ni majirani." Tulipofika kwenye mti akaacha kupiga kasia. Ndege weusi wamejenga kwenye matawi ya juu na walikuwa wametandaza mabawa yakauke. Niliinama nikatazama chini. Maji ni rangi ya chai ya maziwa, huoni chochote. Nikatia mkono mpaka kwenye kiwiko. Yalikuwa na joto.

Na hapo yakanijia tena yale ya kilimani, lakini makubwa zaidi. Kila kitu kilitulia. Sikusikia sauti wala sikuona maono, asije mtu akamwambia mchungaji kwamba nimekuwa nabii. Ila lile ziwa lote, na milima pande zote, na ule ukimya, vilinizidi. Nilijua kwamba Baba yumo ndani ya haya yote, kwamba hakupotea, na kwamba mimi pia nimo, nimekaa kwenye boti linalovuja na mkono ndani ya maji. Niliogopa na nikatulia kwa wakati mmoja. Sikujua mambo hayo mawili yanaweza kukaa ndani ya mtu pamoja.

Baba Mdogo alishika tena kasia. Tuliporudi ufukweni alisema tu twende tukanywe chai.

Sasa sijui tufanye nini. Wewe ndiwe mwenye kaburi hili. Niambie, nami nitafanya.

Mwanao,
Kimeli


Bondeni
18 Mei 2024

Kimeli,

Nimemsomea. Imemtuliza sana. Aliuliza kama mti bado uko hai, nikamwambia uko hai. Amekunywa uji nusu kikombe.

Usiandike nyingine. Mtoe huyo kuku, ujaze sanduku, uje. Nitamshughulikia Mama kwa upande huu. Wewe njoo tu na kitu mikononi.

Cheruto


Bondeni
20 Mei 2024

Kimeli mwanangu,

Sioni mengi. Naona mwanga wa dirisha, na kichwa cha Valarie kimeinama. Yeye ndiye anayeniandikia, unamkumbuka, ni yule mama wa saluni ya hapa kando. Cheruto ameenda kupeleka sare shuleni.

Dada yako alinisomea barua yako. Alisoma kwamba umemtoa Baba, mifupa mizima, na kwamba mko njiani mnakuja. Mimi nimemlea Cheruto. Akisoma kitu cha kweli hunung'unika. Akidanganya sauti yake inakuwa tamu. Siku hiyo ilikuwa tamu kama ya mtu anayeuza kitu. Leo alipotoka nimemwita Valarie nikamwambia, hebu toa hiyo bahasha kwenye droo ya cherehani, unisomee zilizomo zote. Amenisomea karatasi yangu na yake. Yeye alilia, mimi sikulia.

Usimgombeze dada yako. Amenisafisha, amenilisha, na sasa alitaka kunibebea hata woga. Mtu anayekufanyia hivyo hagombezwi.

Sasa sikiliza. Usichimbe. Usijaze sanduku. Mwachie kuku.

Nilitoka Kuresoi msichana nikaolewa na mtu wa barabara. Leo yuko Lodwar, kesho Isiolo, mimi niko nyumbani na ninyi mgongoni. Barua inafika, anasema nimeona hiki, nimeona kile, mlima umekaa hivi, mvua inakuja kutoka kule. Na mimi niko jikoni naona moshi. Niliona wivu, Kimeli. Si ule wa wanawake. Niliyaonea wivu macho yake. Nami nilitaka siku moja kusimama mahali mpaka ninyamaze kabisa ndani. Sikupata nafasi. Kwenye kilima chako nilipata kidogo. Leo kwenye boti nimepata zaidi. Valarie aliposoma pale ulipotia mkono, nilisikia lile joto. Na ule woga, nimeutafuta nisiuone, kama wewe ulivyoitafuta hasira yako.

Nizikeni kwa Kibii, juu kidogo ya maji, miguu yangu ielekee kwenye mti. Maji si yanapanda? Basi yatanifikia. Nimemngoja yule mtu maisha yangu yote, na safari hii najua anakuja.

Cheruto atakataa. Mwambie ni mimi niliyesema.

Mama

Kaka Kimeli, ni Valarie. Nimeandika alivyosema, sijaongeza kitu. Rudi upesi.


Bondeni
4 Novemba 2024

Kimeli,

Naona kitanda cha Mama. Nimekikunja nikakiegemeza ukutani na bado kinanizuia njia kila ninapoenda kwa cherehani.

Tangu tumzike mwezi wa sita hujaniandikia, nami sijakuandikia. Uliniona siku ile nilivyosimama kando ya gari nikakataa kutupa udongo. Watu walisema nina kiburi, na wacha waseme. Ulikuja mbio na barua ya Valarie mkononi, ukaniwekea mbele, na Mama amelala pale anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu atoke hospitalini. Ningefanya nini? Niliwapa mlichotaka, wewe na yeye. Alipofumba macho wiki ile, alifumba akiwa na furaha na mimi nikabaki nimeshika kitambaa. Hakuna aliyeniuliza mimi ninataka nini.

Baba Mdogo amenipigia simu. Maji yamekaribia kaburi. Anasema hivyo kama anayetangaza kwamba mgeni yuko mlangoni, na hata kucheka anacheka.

Nimeshapata kibali cha kufukua. Kinachobaki ni sahihi yako, kwa sababu wanataka watoto wote wakubali. Nimewapata na vijana wa kuchimba, wa Marigat, msimamizi wao anaitwa Micah. Ninataka kumleta Mama Kuresoi kwenye udongo mkavu kabla sijampoteza kama tulivyompoteza Baba. Siwezi kupalilia ziwa, Kimeli. Siwezi kuketi juu ya maji na kuongea na mama yangu.

Usiniletee habari za utulivu. Wewe unatulia kwa sababu kuna mtu mwingine anayehangaika. Siku ile uko kilimani bonde linakufungukia, mimi nilikuwa nabadilisha shuka.

Ukikataa, sema wazi, nijue kwamba sina ndugu.

Cheruto


Kuresoi
9 Novemba 2024

Cheruto,

Naona sahihi yangu. Nimeiweka pale walipochora mstari, na Kahiga ametia yake kama shahidi. Kibali kiko ndani ya bahasha hii.

Uliyosema ni kweli. Nilikuwa kilimani na wewe ulikuwa na shuka. Nimelisoma neno hilo nikiwa shambani na sikuweza kuendelea kuvuna. Nilipokea vizuri vyote vya safari ile, na wewe ukabaki na kazi. Sikukushukuru hata siku ya mazishi, nilikuwa nimejaa hasira kwamba ulimbadilishia Mama barua. Sasa nakushukuru, ingawa nimechelewa.

Mimi nisingemhamisha. Unajua hivyo, sitakuficha. Lakini wewe ndiye uliyemwosha, na mkono wangu hautakuzuia. Mchukue. Nimeshasafisha mahali hapa, chini ya miti ya uzio, na hapana maji.

Naomba kitu kimoja. Kabla Micah na wenzake hawajagusa udongo, kaa pale. Sikupangii muda. Kaa tu, halafu ufanye ulilokwenda kufanya.

Ndugu yako, hata ukinikana,
Kimeli


Kampi ya Samaki
26 Novemba 2024

Kimeli,

Naona maji. Yamefika kwenye miguu ya Mama.

Nilifika hapa asubuhi na Micah na vijana wake, na majembe, na jeneza jipya, na afisa wa afya mwingine aliyekuwa anaangalia saa. Baba Mdogo alituletea chai. Nilikuwa nimejipanga kama mtu anayeenda sokoni.

Nikakumbuka ulichoomba. Nitakuambia ukweli, nilikaa kwa dharau. Nilikaa ili niweze kukuandikia kwamba nimekaa na hakuna kilichotokea. Nilitandika leso kando ya kaburi, nikawapa watu mgongo, nikaanza kuhesabu kichwani sare za Januari, vitambaa vya kijani na vya maruni. Niliwaza kwamba Micah atataka chakula cha mchana. Niliwaza juu yako, na si kwa uzuri.

Sijui ni wapi mawazo yalipoishia. Nilikuwa naangalia yale maji madogo ya ukingoni. Yanapanda kidogo, yanagusa lile jiwe la mwisho uliloliweka, yanarudi, yanapanda tena. Hayana haraka hata kidogo. Mimi maisha yangu yote nimekuwa na haraka. Nikainua macho. Mgunga bado uko, umebaki tawi moja na ndege mmoja mweusi juu yake ametandaza mabawa. Na kutoka kwenye lile tawi mpaka kwenye miguu ya Mama ni maji matupu, yametandazwa, yametulia, hakuna ukingo katikati wala ua wala njia. Maji yaliyo juu ya Baba ndiyo haya haya yanayomgusa Mama. Hakuna tena kitu katikati yao, Kimeli.

Nilishikwa na kitu kifuani, na kilikuwa kikubwa kuliko kilio. Nilitaka kukuita. Halafu kikatulia, na mimi nikatulia ndani yake, na kwa mara ya kwanza tangu augue sikuwa na kazi yoyote ya kufanya. Niliogopa sana na sikutaka iishe. Ulikuwa umesema kwamba hayo mawili yanakaa pamoja. Nilidhani ni maneno ya kupamba barua.

Micah alikuja nyuma yangu akakohoa. "Madam, tuanze ama aje? Maji inakuja."

Nikamwambia, "Wacha ije."

Alisimama akidhani hajasikia vizuri. Nikarudia. Afisa alikunja karatasi zake, wale vijana wakarudisha majembe kwenye gari, na Baba Mdogo akawaita wote chai ya pili. Nimemsikia akicheka huko jikoni. Sanduku lako bado liko, sasa ni la vifaranga.

Walipoondoka nilitoa kwenye mkoba ile barua yako ya mwezi wa tano, ya mgunga na boti. Nimekuwa nikitembea nayo. Siku ile Mama alikuwa amenishika mkono akingoja, na mimi nikaitazama karatasi yako na kumsomea mengine ambayo hukuyaandika. Basi leo nimesogea mpaka maji yakagusa leso yangu, nikamsomea. Nilisoma kwa sauti, pole pole, bila kufukuzwa. Palipo na mti nilisoma mti, na palipo na maji nilisoma maji.

Niliisoma yote. Sikuruka neno.

Dada yako,
Cheruto